Nyayo za Nyota: Kutoka Momella Hadi Barabara ya Kawawa

Utangulizi

Mzee Rashidi Mfaume Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009. Mimi nilikuwa na miaka saba, nakaa kwa babu na bibi Mvumi, wilaya ya Kilosa. Siku zile redio ilikuwa na habari mbili kubwa kwetu: msiba huo wa taifa, na mafuriko ya Mto Mkondoa yaliyokuwa yamewatoa watu majumbani mwao kule Kilosa mjini. Babu alikuwa ameketi barazani, redio mapajani. Mtangazaji akawa anasoma vyeo vya marehemu: Waziri Mkuu, Makamu wa Rais, Simba wa Vita. Babu akatikisa kichwa akasema, "Mbona hawasemi kwamba alikuwa mcheza sinema?"

Bibi akamkemea. "Mzee, watu wamefiwa, wewe unaleta utani." Babu akanyamaza. Mimi nilicheka, maana mcheza sinema kwangu alikuwa Kanumba, au wale Wachina wanaoruka juu ya mapaa katika banda la video la pale Dumila. Mzee mwenye balaghashia aliyekuwa akionekana gazetini karibu na Mwalimu, huyo angecheza sinema gani?

Nilikuja kujua nikiwa hapa Mlimani kwamba babu hakuwa anatania. Kati ya 1951 na 1953 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliialika kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg ije kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili, zichezwe na Waafrika na zitazamwe na Waafrika. Miongoni mwa filamu hizo ni Muhogo Mchungu, Chalo Amerudi na Meli Inakwenda. Nyota wa Muhogo Mchungu (1952) alikuwa kijana wa Songea aliyesoma Tabora, mtumishi wa serikali katika kazi za ustawi wa jamii. Jina lake Rashidi Kawawa.

Katika makala haya ninakusudia kuzungumzia jambo ambalo wahakiki wetu hawajalishughulikia sana, nalo ni desturi ya kuzuru mahali alipopita nyota wa filamu. Nitaonyesha kwamba ziara ya namna hiyo ni usomaji kama usomaji mwingine wowote. Kila usomaji unachagua: unaona hiki, unaacha kile. Nitaanzia Momella mkoani Arusha, ambako watu wanafuata nyayo za John Wayne. Nitapita Dar es Salaam, ambako Kawawa ana barabara nzima kwa jina lake. Na nitamalizia Mvumi, barazani kwa babu.

Momella: mahali panaposomwa

Mwaka jana nilikwenda Usa River kwenye harusi ya binamu yangu. Shemeji yangu wa huko ni dereva wa watalii. Kesho yake alikuwa anawapeleka wageni wawili Hifadhi ya Arusha, mzee mmoja Mjerumani na mkewe. Akawaombea ruhusa nipande kiti cha mbele. Wakakubali, Mungu awabariki.

Njiani nilidhani tunakwenda kuangalia twiga na nyati. Kumbe mzee yule alikuja kwa ajili ya filamu. Alipokuwa mtoto, baba yake alimpeleka kutazama Hatari!, filamu ya Howard Hawks iliyotolewa mwaka 1962. Picha zake za nje zilipigwa hapa kwetu, mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, katika sehemu za Arusha, Manyara na Ngorongoro. Nyota wake mkuu alikuwa John Wayne. Pembeni yake walikuwapo Elsa Martinelli wa Italia, Red Buttons wa Marekani, Gérard Blain wa Ufaransa na Hardy Krüger wa Ujerumani. Krüger alipenda nchi hii mpaka akanunua shamba Momella, akaishi huko miaka kadhaa na kuandika vitabu juu yake. Kabla yake shamba hilo lilikuwa la Mjerumani mwingine, mama mmoja mwindaji aliyeitwa Margarete Trappe, aliyefariki mwaka 1957. Leo pana nyumba ya wageni iitwayo Hatari Lodge. Jina la filamu limekuwa jina la mahali.

Tulisimama panapoonekana maziwa ya Momella. Meru nyuma yetu, Kilimanjaro mbele imejifunika mawingu kama kawaida yake. Mzee alishuka na mkewe, akavua kofia, akakaa kimya muda mrefu. Shemeji akaninong'oneza, "Huwa wanafanya hivi. Wengine wanalia kabisa." Kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kumcheka kidogo, lakini nilishindwa. Yule mzee hakuwa akimtazama John Wayne. Alikuwa akimtazama baba yake, na jioni moja ya zamani ndani ya jumba la sinema huko kwao.

Hili ndilo jambo la kwanza ninalotaka tulishike. Richard Dyer katika kitabu chake Stars (1979) alieleza kwamba nyota wa filamu si mtu wa nyama na damu peke yake. Nyota ni taswira inayojengwa na filamu anazocheza, magazeti, matangazo na maneno ya watu. Mimi ningeongeza kwamba mahali nako kunajengwa hivyo hivyo. Momella ni milima na maji. Bila ya mtu kuisimulia, Momella haina John Wayne ndani yake. Mahali hapasemi penyewe, panasemewa. Yule mzee alikuja na filamu kichwani akaifunua pale kama mtu anavyofunua kitabu.

Hatari! na Tanganyika isiyo na Watanganyika

Niliporudi chuoni niliitazama Hatari! mara tatu. Kama msomaji hajaiona, hadithi yake ni nyepesi. Kuna kundi la watu wanaokamata wanyama hai na kuwauza kwa bustani za wanyama za ng'ambo. Mkuu wao ni Sean Mercer, yaani John Wayne. Anakuja mwanamke mpiga picha, Dallas, yaani Elsa Martinelli. Kunakuwa na mapenzi, ugomvi mdogo mdogo, na watoto watatu wa tembo wanaomfuata Dallas kama mama yao. Mwishoni tembo hao wanamkimbiza katikati ya mji wa Arusha, wanaingia mpaka madukani.

Tuwe wakweli: kwa upande wa fani filamu ile si mchezo. Waigizaji wenyewe ndio waliokimbizana na wanyama. Wayne amekaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, nje kabisa, kashika mti wenye kitanzi, na kifaru anakimbia hatua chache kutoka gotini kwake. Vumbi lile ni vumbi kweli. Russell Harlan, aliyepiga picha hizo, alipendekezwa kuwania tuzo ya Oscar, na nadhani alistahili. Mtu akitaka kujua nyika za kaskazini zilikuwaje mwaka 1961, ataziona humo.

Tatizo liko kwenye wahusika. Katika filamu inayoendelea kwa zaidi ya saa mbili na nusu ndani ya Tanganyika, na ambayo jina lake ni neno la Kiswahili, majina ya waigizaji wakuu hayana Mtanganyika hata mmoja. Waafrika wamo. Wanashika kamba, wanafungua mazizi, wanabeba, wanacheza ngoma pale panapohitajika ngoma. Hawana hadithi. Hakuna anayependa, hakuna anayeogopa, hakuna anayekwenda nyumbani jioni. Kiswahili chenyewe kimewekwa kama kitambaa cha meza, kinapendeza lakini hakiliwi. Hivyo mandhari ni ya kwetu na dhamira si ya kwetu.

Mtu atasema, "Bwana, hiyo ilikuwa filamu ya kuburudisha, tena ya zamani, unaibebesha mzigo usio wake." Sawa. Lakini hebu tuangalie tarehe. Filamu ilipigwa picha Tanganyika ikiwa mbioni kupata uhuru, uliopatikana tarehe 9 Desemba 1961. Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na aliyeshika nafasi yake ni Rashidi Kawawa. Kwa hiyo mwaka ule ule Hatari! ilipotoka na kuwaonyesha walimwengu Tanganyika ambayo wenyeji wake hawasemi, Waziri Mkuu wa Tanganyika alikuwa mtu aliyewahi kuwa nyota wa filamu iliyosema Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Ukimpa mtunzi wa riwaya kisa hicho, mhakiki atamwambia amezidisha chumvi.

Mtu wa shamba anaingia mjini

Sasa tumgeukie Kawawa mwigizaji. Hapa nina kiri moja: Muhogo Mchungu sijaitazama. Ninaizungumzia kwa yale yaliyoandikwa na wanahistoria, na kwa yale aliyonisimulia babu. Najua mhakiki hapaswi kuhakiki kazi ambayo hajaiona. Ndiyo maana nitasema machache, na nitayasema juu ya yale tuliyo na hakika nayo.

La kwanza ni dhamira. Hadithi ni ya mtu wa shamba anayeingia mjini, naye Kawawa ndiye huyo mshamba. Dhamira hii haikuanzia Tanganyika. Mwaka 1949 Afrika Kusini ilikuwa imetoa Jim Comes to Jo'burg ya Donald Swanson, ambayo nayo inahusu kijana wa kijijini anayekutana na jiji. Ni wazi kwamba watengeneza filamu wa Kusini walikuwa na kalibu tayari, na kalibu hiyo iliwapendeza wakoloni. Mwafrika wa mjini alikuwa anawatisha watawala. Kumwonyesha mtu wa shamba akipotea mjini kulikuwa na fundisho ndani yake: rudi kwenu, jembe linakungoja.

Lakini dhamira ile ile imeendelea kuishi katika fasihi yetu baada ya wakoloni kuondoka. Euphrase Kezilahabi ameigusa katika Rosa Mistika (1971) na katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), ambamo kijana anayetoka nyumbani anakutana na dunia isiyomjua. Kwa hiyo si haki kusema kwamba kisa cha mshamba ni mali ya mkoloni. Mkoloni alikikuta. Hadithi za sungura na za Abunuwasi nazo zimejaa watu wanaofika mahali wasipopajua na kuponea kwenye akili zao.

La pili ni jina. Muhogo mchungu kila mtu wa Mvumi anaujua. Ukiula mbichi unakudhuru. Lazima uumenye, uuloweke au uuvundike, uuanike juani, ndipo uutwange upate unga. Wanaoupenda wanasema ugali wake unazidi wa mahindi kwa kukaa tumboni. Jina hilo linaweza kusomwa kama dhihaka kwa mshamba, kwamba huyu ni mchungu, hajaiva. Linaweza pia kusomwa kwa namna ya pili, kwamba kuna kitu cha thamani hapa, ila kinataka kazi na subira kabla hakijaliwa. Sijui watawala walilisoma vipi. Nadhani watazamaji wa mashambani, waliokula ugali huo kila siku, walikuwa na nafasi ya kulisoma kwa namna ya pili.

La tatu ni mwigizaji mwenyewe. Baada ya filamu, mwaka 1953 Kawawa alifanya kazi katika kambi ya Urambo, walikowekwa Wakikuyu waliokamatwa wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, TFL. Mwaka 1956 akaingia TANU. Yaani yule aliyecheza kama mshamba anayechezewa na mji, miaka mitatu baadaye ndiye aliyekuwa akiwapanga makuli, wafanyakazi wa reli na watumishi wa majumbani wa mji huo huo wagome. Fundisho la filamu lilikuwa "rudi shamba". Mwigizaji wake hakurudi. Kwa maoni yangu, maisha ya Kawawa baada ya 1953 ni uhakiki mkali wa Muhogo Mchungu kuliko wowote ambao mimi nitauandika.

Katika semina nilipotoa hoja hii mhadhiri mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo unataka tuzisifu filamu za mkoloni?" Nilibabaika, nikakaa. Leo ninajibu: hapana, mwalimu. Ninataka tuzisome. Pesa na kamera zilikuwa za mkoloni, hilo halina ubishi. Uso, sauti, mwendo na Kiswahili vilikuwa vyetu. Tukizitupa zote kwa sababu ya mwenye kamera, tutakuwa tumekubaliana naye kwamba waliosimama mbele ya kamera walikuwa si kitu.

Barabara ya Kawawa

Baada ya Momella niliamua kufanya Dar es Salaam kile alichokifanya yule mzee wa Kijerumani. Nilianzia Morocco, nikapanda daladala ya kupita Kinondoni, Magomeni, kuelekea Ilala. Hiyo ndiyo Barabara ya Kawawa. Sidhani kama iko siku haipitwi na maelfu ya watu. Nilimwuliza konda, "Kaka, huyu Kawawa alikuwa nani?" Akajibu bila kugeuka, "Waziri. Sogea nyuma kuna nafasi." Abiria mmoja mama mtu mzima akaongeza, "Simba wa Vita huyo, mwanangu." Nikawaambia alikuwa pia nyota wa sinema. Mama akacheka kama nilivyocheka mimi mwaka 2009. Konda akasema, "Labda sinema za bungeni."

Nilishuka nikaenda Mnazi Mmoja. Pale lipo jengo la Arnautoglu, lililojengwa wakati wa mkoloni kuwa kituo cha maendeleo ya jamii, ile ile kazi ambayo Kawawa kijana aliajiriwa kuifanya. Hatua chache ni Mtaa wa Lumumba, zamani New Street, mahali TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Sitasema kwamba alisimama kwenye jiwe hili au lile. Ninasema tu kwamba katika eneo dogo ambalo unaweza kulizunguka kwa mguu bila ya kutoka jasho, zilikutana kazi ya ustawi, siasa, na maisha ya mji ule uliochezwa katika filamu. Nikasimama, nikajaribu kuvua kofia kama yule mzee. Nikashindwa kuona chochote. Kulikuwa na wauza viatu, wanafunzi, na foleni ya magari. Sikuwa na filamu kichwani ya kuifunua.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti. Momella haizidi Mnazi Mmoja kwa historia. Inaizidi kwa sababu filamu yake inatazamika. Mjerumani alikuwa na kitabu mkononi, mimi nilikuwa na jalada tu. Kawawa tumempa barabara, na haki yake. Lakini barabara inakumbuka cheo. Haikumbuki uso wa kijana aliyewachekesha watu usiku mbele ya shuka jeupe.

Wala tusiseme kwamba Watanzania hawaoni uhusiano wa uongozi na kamera. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alionekana katika filamu ya Royal Tour, yeye mwenyewe akiwa mwongoza watalii wa nchi nzima. Watu walibishana sana juu yake, wengine wakashangaa kiongozi kugeuka mwigizaji. Ni sawa kubishana. Lakini ubishi ule ungekuwa na kina zaidi kama tungekumbuka kwamba miaka 70 kabla yake kulikuwa na mwigizaji aliyegeuka kiongozi.

Mvumi: barazani kwa babu

Likizo ilipofika nikaenda Mvumi. Unashuka Dumila, unaiacha barabara ya Dodoma, unashika ya Kilosa. Babu sasa anakaribia miaka 85 na jicho moja halioni. Yeye ni Mngoni. Baba yake aliletwa kutoka Songea kukata mkonge upande wa Kimamba, akiwa mmoja wa wale walioitwa manamba, na hakurudi tena kwao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na vitabu vyako?"

"Nimekuja na sinema, babu."

Nikamwomba kwanza anisimulie lile aliloanza kulisema mwaka 2009. Akasema gari la sinema lilikuja kambini wakati yeye ni mtoto wa miaka kumi na kitu. Walitandaza shuka jeupe kati ya miti miwili, wakawasha mashine ya umeme iliyokuwa ikiunguruma. Watoto walikwenda nyuma ya shuka kuwatafuta watu waliomo. Kisa chenyewe hakikumbuki vizuri. Anachokikumbuka ni mambo mawili. "La kwanza, alikuwa anasema Kiswahili. Sinema nyingine walikuwa wanasema kidudu gani sijui, tunaangalia tu farasi. La pili, baba alisimama akapiga kelele: Huyo ni wa kwetu! Mtu wa Songea huyo! Nyapara akamwambia akae chini. Akakaa. Lakini usiku kucha alikuwa anacheka."

Akanyamaza kidogo. "Sikumwona baba akicheka vile tena. Mkonge ulimmaliza."

Kisha nikafungua kompyuta nikamwekea Hatari!, maana ile nyingine sina. Aliitazama kwa jicho lake moja, kaisogelea sana. Alifurahia vifaru. Alifurahia watoto wa tembo. Ilipofika mahali wanamfunga mnyama, na Waafrika wawili watatu wamemshikilia wakati John Wayne anatoa amri, babu akaweka kidole kwenye kioo.

"Huyu aliyeshika kamba anaitwa nani?"

"Sijui, babu."

"Hawakumwandika?"

"Sioni jina lake, babu."

"Basi hata watoto wake hawawezi kusimama wakasema huyo ni wa kwetu."

Nimesoma nadharia nyingi mwaka huu, na nyingine nimezikariri kwa ajili ya mtihani. Sijakutana na swali la uhakiki linalomzidi lile. Kwa swali hilo moja babu aliiweka Hatari! na Muhogo Mchungu kwenye mizani moja. Hakuuliza ipi imepigwa picha vizuri, wala ipi imetengenezwa na nani. Aliuliza ni filamu ipi inayomruhusu mtazamaji asimame na kumdai mtu aliyemo ndani.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kuzuru mahali pa nyota si upuuzi wa watalii. Ni kazi ya kumbukumbu, na yule mzee wa Momella alinifundisha kuiheshimu. Nimeonyesha pia kwamba mahali panasomeka tu kama kuna maandishi au picha ya kupasomea. Mwisho nimeonyesha kwamba sisi tuliomsahau Kawawa mwigizaji tumepoteza zaidi ya kichekesho cha zamani. Tumepoteza ushahidi kwamba Mtanganyika aliwahi kuwa nyota katika nchi yake kabla ya uhuru, kwa lugha yake, na watu wa kambi za mkonge wakamtambua.

Kawawa amezikwa Madale, Dar es Salaam. Nilikuwa nimepanga kumalizia makala haya huko. Nimebadili mawazo. Kaburi ni la familia yake na la taifa, na heshima yake linayo. Mahali alipokuwa nyota ni kwingine: ni pale ambapo shuka lilitandazwa kati ya miti miwili, katika kambi ambazo nyingine sasa ni mashamba ya mahindi. Hapo hapana kibao, na mashahidi wake wamebaki wachache.

Kwa hiyo, wenzangu wa idara, nina ombi moja la kazi wala si la huruma. Wengi wetu tunatoka maeneo ya mkonge, ya reli, ya migodi na ya pamba, ambako gari la sinema lilipita. Ukienda likizo, kaa na babu au bibi, mwulize aliona nini kwenye shuka lile, nani alicheka, nani alikatazwa kucheka. Andika, na uandike na jina la kijiji. Mimi nimeanza na Mvumi. Babu ameniambia nisichelewe kurudi, kwani kuna jambo jingine juu ya usiku ule amelikumbuka, lakini atanisimulia nikija na betri mpya za redio.